Flashi Ikigoma Kufunguka, Faili Nyingi Huwa Bado Zimo

Chukua mfano wa mkulima wa Rukanga ambaye ndovu wameingia shambani mwake usiku. Kunapopambazuka anapiga picha kwa simu: mahindi yaliyolazwa, nyayo kwenye matuta, ua uliobomolewa. Anaripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kuanza shughuli ya kujaza fomu ya madai. Simu imejaa, kwa hivyo mwanawe anahamishia picha kwenye flashi, kisha anazifuta kwenye simu. Siku kadhaa baadaye flashi inafikishwa Maungu ili picha zichapishwe. Mhudumu wa saiba anaichomeka, na badala ya picha kompyuta inatoa ujumbe kwamba diski hii haiwezi kutumika hadi ifomatiwe. Foleni ni ndefu. Mhudumu anapeleka kishale kwenye kitufe cha kukubali.

Shamba lenyewe limeshasafishwa. Picha hizo haziwezi kupigwa tena.

Mfano huu ungeweza pia kuwa wa katibu wa kikundi cha wasusi wa vikapu mwenye daftari lote la hisa katika faili moja, au wa kamati ya kijiji yenye orodha ya wanafunzi walioomba basari. Katika wadi ya Kasigau, kuanzia Rukanga hadi Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe, kazi nyingi za vikundi hupitia kwenye kifaa hiki kidogo kinachoning'inia kwenye shada la funguo. Ni vyema basi wakazi wajue jambo moja ambalo mara nyingi huamua kama faili zitapona au la: flashi inapodai kufomatiwa, yaliyomo kwa kawaida hayajapotea. Huanza kupotea pale mtu anapokubali kufomati kisha akaendelea kuitumia.

Kinachoharibika ni orodha

Flashi inafanana na ghala la nafaka lenye karani mlangoni. Magunia yamepangwa ndani, na karani ana daftari linaloonyesha gunia la nani liko safu gani. Daftari likiraruka, karani atakuambia hana habari na gunia lako, lakini gunia halijatoka ghalani. Ndivyo ilivyo kwa flashi nyingi zinazogoma. Picha na barua ziko palepale zilipoandikwa, ila orodha inayosema kila moja imeanzia wapi na kuishia wapi imevurugika, na kompyuta haiwezi kuisoma.

Kufomati ni kumpa karani daftari jipya tupu. Kwa macho ya karani ghala sasa halina kitu, na mzigo wowote mpya unaoletwa atauelekeza popote, hata juu ya magunia ya zamani. Gunia likishafunikwa hivyo, hakuna fundi wa Voi, Mombasa wala Nairobi atakayelitoa.

Daftari hilo huraruka kwa njia za kawaida kabisa. Flashi huchomolewa kompyuta ikiwa bado inaandika, kwa sababu matatu inapiga honi. Stima hupotea katikati ya kuhamisha faili. Kifaa huchomekwa leo hapa, kesho pale, na kila kompyuta inaacha uchafu wake. Nazo chembe za kumbukumbu zilizo ndani huchoka baada ya kuandikwa na kufutwa mara nyingi, hasa kwenye flashi za bei ya chini.

Kabla ya kuita fundi

Hatua ya kwanza ni kukataa ujumbe ule wa kufomati, kisha kuichomoa flashi. Usihifadhi chochote kipya humo, hata barua ya ukurasa mmoja.

Kisha jiulize faili ilitoka wapi. Swali hili huokoa nauli nyingi, na ajabu ni kwamba watu hulikumbuka mwisho. Picha zilizofutwa kwenye simu yenye Google Photos huingia kwanza kwenye kapu la taka: hukaa humo siku 30 ikiwa hazikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, na siku 60 ikiwa zilihifadhiwa. Mkulima wetu akiwahi, huenda asihitaji flashi kabisa. Barua iliyochapwa kwenye saiba huenda bado imo katika kompyuta iliyochapiwa. Faili iliyowahi kutumwa kwa barua pepe iko katika kisanduku cha barua zilizotumwa. Taarifa ya M-Pesa ya kikundi inaweza kuombwa upya, na cheti cha kuzaliwa kilichoskaniwa bado kina rekodi yake serikalini na nakala huombwa kupitia eCitizen.

Ikiwa hakuna nakala kwingine, ijaribu flashi katika tundu jingine la USB, kisha katika kompyuta nyingine. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, si waya wa kuunganishia vifaa vingi. Angalia pia vumbi. Vumbi jekundu la barabara ya kwenda Kasigau halichagui, na mdomo wa flashi iliyokaa mfukoni miezi sita unaweza kuwa umeziba tu. Futa kwa kitambaa kikavu au brashi laini, usikwangue kwa pini.

Baada ya hapo, kile kompyuta inachoonyesha ndicho kitakachoeleza ugonjwa.

Faili zote zimegeuka shotikati

Hili ndilo tatizo linalosumbua watumiaji wengi wa saiba, na ndilo jepesi zaidi. Flashi inafunguka vizuri, lakini kila faili au folda imekuwa na kishale kidogo kwenye alama yake, na ukiibofya haifunguki au inafungua kitu kisichoeleweka. Wakati mwingine flashi inaonekana tupu, ilhali kompyuta inasema nafasi yake imetumika.

Hapo hakuna kilichofutwa. Ni virusi vilivyozificha faili halisi na kuweka mahali pake vishale vya kuvisambaza zaidi. Kila anayebofya kishale hicho anaviruhusu kuingia katika kompyuta anayotumia, na flashi ijayo itakayochomekwa humo itaambukizwa pia.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuichomeka flashi kwenye simu ya Android kwa kutumia kiunganishi cha OTG. Virusi hivi vimeandikiwa Windows, na mara nyingi simu huonyesha faili zote kama kawaida, na unaweza kuzinakili hapo hapo. Ila simu nayo ikidai kuifomati flashi, ikatalie.

Kwenye Windows, safisha kwanza kompyuta na flashi kwa programu ya kuua virusi. Kisha fungua dirisha jeusi la amri na uandike:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Herufi F ibadilishwe na herufi ambayo kompyuta imeipa flashi yako. Amri hii huondoa alama za kuficha, na faili hujitokeza. Baadhi ya virusi huzirundika ndani ya folda isiyo na jina, kwa hivyo usishtuke ukiona folda ngeni. Ifungue ndani utazame. Futa vile vishale, nakili faili zako kwenye kompyuta safi, na hapo ndipo flashi inaweza kufomatiwa bila hofu.

Flashi inayodai kufomatiwa

Hapa ndipo panahitaji utulivu, na ndipo mafundi wasio na subira huharibu kazi.

Fundi mwangalifu huanza kwa kutengeneza nakala kamili ya flashi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, na kuiweka kwenye kompyuta kama faili moja kubwa. Flashi ya GB 16 itatoa nakala ya GB 16 hata kama ilikuwa na picha kumi. Kuanzia hapo kazi yote hufanywa kwenye nakala hiyo, na flashi yenyewe huwekwa kando. Faida ni mbili: kosa likitokea, chanzo hakijaguswa, na flashi inayokaribia kufa haisumbuliwi tena na tena. Kwenye Linux kazi hii hufanywa na ddrescue, programu ya bure inayoruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye. TestDisk, ambayo ni ya bure pia na hufanya kazi hata kwenye Windows, ina uwezo wa kutengeneza nakala kama hiyo.

TestDisk ndiyo ya kujaribu kwanza katika kurejesha. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32, na kwa kawaida mfumo huo huweka jedwali lake mara mbili: nakala ya pili hufuata mara baada ya ya kwanza. Ni kama karani aliyeandika daftari lake mara mbili. La kwanza likiraruka, TestDisk inaweza kulitafuta la pili, kulitumia kuorodhesha faili kwa majina yake, na kuzinakili mahali pengine.

Madaftari yote mawili yakiwa yameharibika, hutumika PhotoRec, ambayo huja pamoja na TestDisk. Hii haisomi daftari lolote. Inapita ghala zima gunia kwa gunia ikitambua nafaka kwa sura yake, kwa sababu kila aina ya faili ina mwanzo wake: hati ya PDF huanza kwa alama %PDF, nayo hati ya Word ya siku hizi huanza kwa herufi PK. Picha za JPEG zina mwanzo wao pia. Hasara ni kwamba majina hupotea. Picha uliyoiita "shamba la chini" itarudi ikiwa na jina la herufi na tarakimu, na utalazimika kufungua moja baada ya nyingine. Faili kubwa zilizoandikwa vipande vipande huenda zikarudi zikiwa zimekatika.

Kwa mwenye madai ya uharibifu wa ndovu, hata hivyo, kuna habari njema. Tarehe na saa ya kupigwa picha huandikwa na simu ndani ya picha yenyewe, si katika daftari la flashi. Kwa hivyo picha iliyorejeshwa bila jina kwa kawaida bado inabeba tarehe yake, na inaweza kuonekana katika maelezo ya picha.

Faili zinazorejeshwa zihifadhiwe kwenye kompyuta au diski nyingine, kamwe si kwenye flashi ileile. Kuziandika humo ni kufunika magunia ambayo bado yanatafutwa.

Jambo la kuangalia ni amri ya chkdsk, inayopendwa na mafundi wengi kwa kuwa ni ya haraka. Amri hiyo hutengeneza daftari ili flashi ifunguke. Haikuundwa kuokoa mali yako. Isichoelewa inaweza kukikata, au kukirundika katika faili zenye majina ya FILE0000.CHK. Itumike baada ya nakala kamili kuwepo, si kabla.

Na kama kitufe kile kimeshabofywa? Inategemea aina ya kufomati. Ile ya haraka, ambayo Windows huichagua yenyewe mtu asipobadilisha, huandika daftari jipya tu, na PhotoRec mara nyingi hutoa mengi. Ile kamili, tangu Windows Vista ya 2007, huandika sifuri kwenye diski nzima. Hapo hakuna cha kutafuta, na anayekuahidi kinyume chake anatafuta pesa zako.

Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya ni rahisi zaidi, mradi hakuna kilichoandikwa baada yake. FAT32 haifuti faili. Hubadilisha herufi ya kwanza ya jina kwenye daftari kuonyesha kwamba nafasi hiyo iko huru. Ndiyo maana faili zilizookolewa wakati mwingine hurudi zikiwa zimepungukiwa na herufi ya kwanza, "basari" ikawa "_asari".

Flashi isiyoonekana kabisa

Kompyuta isipoonyesha dalili yoyote katika matundu yote uliyojaribu, au ikiitambua flashi lakini ikasema ina baiti sifuri, tatizo huenda ni la kifaa chenyewe: kiungio kilichopinda, au chipu inayosimamia kumbukumbu imeungua. Programu hazisaidii hapo. Kiungio kilichovunjika fundi hodari wa simu anaweza kukichomea risasi upya, lakini aulizwe mapema kama amewahi kufanya kazi hiyo na data ikatoka salama. Kifaa chenye data isiyo na mbadala hakifai kuwa cha kujifunzia. Kazi ya chipu ni ya wataalamu wenye vifaa maalumu, na gharama yake inaweza kupita thamani ya kilichopotea. Uamuzi huo ni wa mwenye flashi.

Kuna pia flashi za ulaghai. Zimeandikwa GB 512 au hata TB 1, zinauzwa kwa bei inayofurahisha, na kompyuta yenyewe inadanganywa kuamini. Ndani mna GB chache tu. Faili za mwanzo hukaa vizuri, kisha nafasi halisi ikijaa, zinazofuata huandikwa juu ya zilizotangulia au hazihifadhiwi popote, ingawa majina yake yanaonekana. Hizo hazirejeshwi, kwa kuwa hazikuwahi kuwepo. Flashi mpya ikaguliwe ikiwa bado tupu kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huijaza yote kisha kuisoma tena kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo.

Flashi ya kikundi ina siri za watu

Daftari la kikundi lina majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu na kiasi ambacho kila mwanachama amekopa. Orodha ya basari ina hali za familia: nani ni yatima, nani ameshindwa na karo. Kuikabidhi flashi hiyo kwa mtu usiyemjua na kuambiwa "rudi Jumatatu" ni kumwachia yote hayo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Taarifa hizo zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kikundi kisidhani kwamba sheria hii ni ya benki na kampuni za simu pekee.

Kwa hivyo katibu au mweka hazina aketi na fundi kazi ikifanyika. Waandamane wawili ikiwezekana. Mambo ya kikundi yanataka shahidi. Faili zikishapatikana, zihamishiwe kwenye kifaa cha kikundi, na ile nakala kamili pamoja na faili zilizorejeshwa zifutwe kwenye kompyuta ya fundi, na kwenye kapu lake la taka, kabla ya kuondoka. Malipo yakubaliwe kwanza, na yatolewe baada ya kuona faili chache zikifunguka kweli, kwani orodha ya majina peke yake haithibitishi chochote. TestDisk na PhotoRec ni za bure, na fundi anayedai pesa za "kununua programu" hizo aulizwe maswali. Unachomlipa ni muda na ujuzi wake.

Nakala tatu, na moja mbali

Flashi ni kifaa cha kubebea. Si kabati la kutunzia. Wataalamu hushauri kila faili ya maana iwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mahali pengine kabisa, ili moto au wizi usichukue zote kwa pamoja. Kwa kikundi cha Rukanga hilo linaweza kumaanisha kompyuta ya mradi, flashi ya mweka hazina, na akaunti ya Google inayotoa GB 15 bila malipo, nafasi inayotosha madaftari ya miaka mingi. Mtandao ukiwa dhaifu, barua pepe ya kujitumia mwenyewe mwisho wa mwezi inatosha; Gmail hubeba viambatisho vya hadi MB 25. Nenosiri lijulikane na maafisa wawili, maana maafisa hubadilika.

Anayetunza picha za uharibifu wa wanyamapori asizifute kwenye simu hadi madai yake yakamilike. Akizituma kwa WhatsApp kama akiba, azitume kama hati, si kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na ile tarehe iliyo ndani yake huondolewa.

Flashi iliyowahi kugoma haifai kuaminiwa tena kwa kazi ya kikundi, hata kama inafunguka baada ya kufomatiwa. Na siku ya kuitupa au kumpa mtoto akahifadhie nyimbo, ikumbukwe kwamba njia iliyotumika kuokoa daftari la kikundi inaweza kutumiwa na yeyote atakayeiokota. Ile iliyokuwa na nambari za vitambulisho ifomatiwe kwa njia kamili ikiwa bado inafanya kazi. Ikiwa haifanyi kazi, ifunguliwe ganda na chipu iliyo ndani ivunjwe kwa nyundo.